Ukiomba Hawaskii: Historia ya Viendelezi vya Kuzuia Vifuatiliaji

Ukifungua tovuti ya habari kwa simu, unadhani umeongea na tovuti moja. Kumbe ukurasa ukishaanza kufunguka, kivinjari chako kinatumwa kimya kimya kwingine: kwa kampuni ya matangazo, kwa kampuni ya takwimu, kwa mtandao wa kijamii ambao hata haujaufungua leo. Wengine wao hawakuonyeshi chochote. Hakuna tangazo, hakuna video, hakuna hata kitufe. Wako pale kuandika tu kwamba umepita. Hivyo ndivyo vifuatiliaji, na watu walianza kupigana navyo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Nimeamua kuandika historia ya vita hivi kwa sababu nimechoka na ushauri mmoja. Kila mtu akiongea kuhusu faragha mtandaoni anakuambia usome masharti, ubonyeze "kataa", ubadilishe mipangilio. Yaani uombe vizuri. Ukifuatilia hii story kutoka 1994 mpaka leo, unaona vile kuomba vizuri kumefeli kila mara. Kilichosaidia ni watu wachache, wengine hata hawalipwi, walioketi na kuandika vijiprogramu vya kufunga mlango.

Tuanze na kidakuzi. Mwaka wa 1994, Lou Montulli alikuwa mhandisi wa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari kilichokuwa maarufu enzi hizo. Shida yake ilikuwa ya kawaida kabisa: wavuti haikuwa na kumbukumbu. Ukiweka kitu kwa kikapu cha duka la mtandaoni, halafu ubofye ukurasa mwingine, duka lilikuwa limeshakusahau. Kulikuwa na njia rahisi ya kutatua hilo, ambayo ni kupatia kila kivinjari namba moja ya kudumu. Montulli aliikataa kwa sababu aliona namba kama hiyo ingetumika kufuata watu kila mahali. Badala yake akaunda kidakuzi, kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti inaacha kwa kompyuta yako, na ambacho ni tovuti hiyo pekee inaweza kukisoma baadaye. Wazo safi. Tatizo ni kwamba ukurasa mmoja unaweza kuwa na picha zinazotoka kwa seva nyingine, na seva hiyo nyingine nayo inaweza kuacha kidakuzi chake.

Fikiria mtaa wenu. Unaingia kwa kinyozi, mlangoni kuna jamaa ameketi na daftari. Anakupa karatasi yenye namba 4471, anakuambia ukae nayo. Hajauliza jina. Unaingia dukani kununua unga, jamaa ni yule yule, anaomba kuona karatasi. Duka la dawa, yuko. Kanisani, yuko. Baada ya mwezi bado hajui jina lako, lakini anajua kwamba 4471 hunyoa kila Ijumaa, kwamba alinunua dawa fulani, na kwamba ikifika tarehe 20 huanza kuchukua vitu kwa deni. Kinyozi hajui hayo yote. Mwenye duka hajui. Ni jamaa wa daftari tu anajua, na ndiye hukumuita.

Kampuni iliyokuja kujulikana zaidi kwa hiyo kazi iliitwa DoubleClick. Iliweka matangazo kwa tovuti nyingi tofauti, kwa hivyo kidakuzi chake kilikutana nawe kila pembe. Na si lazima tangazo lenyewe lionekane. Kuna kitu walikiita mdudu wa wavuti: picha ya pikseli moja kwa moja, isiyo na rangi, ambayo kazi yake pekee ni kuitwa na kivinjari chako ili seva ijue uko hapo. Picha ambayo haijatengenezwa kutazamwa. Manze, hiyo ndiyo sehemu ambayo hata leo huwa inanishtua.

Sasa cheki vile ombi la kwanza lilivyoenda. Februari 1997, shirika linaloandika kanuni za intaneti, IETF, lilitoa waraka uitwao RFC 2109. Waliouandika ni wawili, David Kristol na huyo huyo Montulli. Waraka ulisema vivinjari visikubali vidakuzi vya watu wa pembeni hadi mtumiaji mwenyewe aruhusu. Soma hiyo tena: 1997. Tatizo lilikuwa limeshaonekana, dawa ilikuwa imeshaandikwa, tena na aliyevumbua kitu chenyewe. Netscape na Microsoft, ambao ndio walikuwa na vivinjari karibu vyote vya dunia, waliuacha kwa meza. Kama wangeufuata, mimi singekuwa na kitu cha kuandika leo.

Miaka miwili baadaye DoubleClick ilinunua Abacus Direct, kampuni iliyokuwa na rekodi za manunuzi ya mamilioni ya familia za Marekani, na majina yao. Mpango ulikuwa kuunganisha namba na jina. Jamaa wa daftari sasa angepata kitambulisho chako. Kelele zilikuwa nyingi, Tume ya Biashara ya Marekani ikaanza uchunguzi, na Machi 2000 kampuni ikarudi nyuma. Nakubali, hapo kelele zilisaidia. Lakini daftari lenyewe halikuchomwa, na 2007 Google ilitangaza kuinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1.

Wakati hao wanauziana, kule Denmark kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu, Henrik Aasted Sørensen. Mwaka wa 2002 aliandika kiendelezi kidogo cha kivinjari, akakiita Adblock. Kiendelezi ni kijiprogramu unachoongeza juu ya kivinjari ili kifanye kitu ambacho waliokitengeneza hawakukiweka. Wengine walikiendeleza, na 2006 Wladimir Palant akaandika upya kila kitu na kukiita Adblock Plus.

Lakini kiendelezi bila orodha ni kama soja getini asiye na majina ya wageni. Ni nani azuiwe? Hapo ndipo anaingia mtu ambaye hatajwi vya kutosha, Rick Petnel, aliyeanzisha orodha ya EasyList mwaka wa 2005. Ni maandishi tu: mstari kwa mstari, anwani za seva na mifumo ya viungo vya kuzuiwa. Petnel alifariki 2009, na watu wa kujitolea wakaendelea na kazi yake. Leo kuna dada yake EasyPrivacy, ambayo inahusu vifuatiliaji hasa, na karibu kila kizuizi unachokijua kinakula kutoka kwa orodha hizo mbili. Kampuni zenye mabilioni ya dola zinabadilisha anwani, watu wasiolipwa wanaandika mstari mpya. Kila siku. Hakuna sanamu yao mahali popote.

Kuanzia hapa ndio unafaa kukaa rada, kwa sababu hapa ndipo pesa ziligundua kwamba mlinzi naye ananunulika.

Desemba 2011, kampuni iliyokuwa nyuma ya Adblock Plus, iitwayo Eyeo, ilianza mpango wa "matangazo yanayokubalika". Matangazo yaliyo na adabu yangepita bila kuzuiwa, na kampuni kubwa zingelipa ili kuwa kwenye orodha hiyo. Unaweza kuzima hayo kwa mipangilio, lakini unaipata ikiwa imewashwa, na sote tunajua ni wangapi hufungua mipangilio. Kulikuwa na Ghostery pia, kiendelezi kilichokuonyesha majina ya vifuatiliaji vyote vilivyoko kwa ukurasa. Kizuri sana kwa macho. Mwaka wa 2010 kilinunuliwa na kampuni iliyokuwa ikihudumia sekta ya matangazo yenyewe, na takwimu zilizokusanywa kutoka kwa watumiaji waliokubali kushiriki zikawa bidhaa ya kuuzia biashara. Walikubali wenyewe, sikatai. Lakini ni mtu gani anaweka kizuizi cha vifuatiliaji akitegemea kuwa sehemu ya biashara hiyo?

Kali kuliko zote ni ya Avast. Hii unaijua kama antivirusi, ile ya bure iliyokuwa kwa karibu kila kompyuta ya saiba. Avast ilikuwa na viendelezi vya kivinjari vilivyojinadi kwamba vinalinda faragha yako, pamoja na kuzuia vidakuzi vya ufuatiliaji. Oktoba 2019, Palant, yule yule wa Adblock Plus, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba viendelezi hivyo vilikuwa vinatuma kwa Avast anwani za kurasa ulizotembelea. Mapema 2020 waandishi wa habari wakaonyesha data iliuzwa wapi: kupitia kampuni tanzu iitwayo Jumpshot. Avast ikaifunga Jumpshot, na Februari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaiamuru ilipe dola milioni 16.5 na kuipiga marufuku kuuza data ya aina hiyo kwa ajili ya matangazo. Kwa hivyo ukiona kiendelezi kinaomba ruhusa ya "kusoma na kubadilisha data yako kwa tovuti zote", jua hayo maneno yanamaanisha vile yanavyosema. Kizuizi kizuri kinahitaji ruhusa hiyo ili kifanye kazi. Mwizi naye anaihitaji.

Katikati ya hayo yote ombi la pili lilikuwa linaendelea, na hili lilikuwa ombi la heshima kuliko yote. Liliitwa Do Not Track, yaani "usinifuate". Christopher Soghoian na Sid Stamm walilijaribu kwanza kama kiendelezi cha Firefox mwaka wa 2009. Kivinjari kilituma ujumbe mfupi kwa kila tovuti, herufi tatu na namba moja, kusema huyu hataki kufuatwa. Hakikuzuia kitu. Kilisema tu. Firefox ikaweka hiyo ishara ndani mwaka wa 2011. Microsoft ilipoiwasha kwa kila mtu katika Internet Explorer 10, kampuni za matangazo zikasema hazitaiheshimu, eti kwa sababu mtumiaji hakuchagua mwenyewe. Ona hiyo hoja. Kufuatwa bila kuchagua ni sawa, kutofuatwa bila kuchagua ni makosa.

Kamati ya kuandika kanuni za Do Not Track ilivutana kwa miaka, ikafungwa Januari 2019. Mwezi uliofuata Apple ikatangaza kuiondoa kwenye Safari, ikisema inaweza kutumika kukutambua. Ndiyo, ishara ya kuomba usifuatwe ilikuwa inasaidia kukufuata, kwa sababu walioiwasha walikuwa wachache na hivyo walijitokeza.

Hilo la kujitokeza linahitaji dakika moja. Mwaka wa 2010 shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF lilifanya jaribio lililoitwa Panopticlick, likapima vivinjari karibu 470,000. Zaidi ya asilimia 83 vilikuwa vya kipekee: ukichukua ukubwa wa skrini, aina za fonti, saa za eneo, toleo la programu na vingine vidogo vidogo ukavijumlisha, hakukuwa na kivinjari kingine kwenye jaribio kilichofanana na chako. Hiyo haihitaji kidakuzi. Ukifuta vidakuzi vyote usiku, asubuhi bado uso wako ni ule ule.

Aliyeongoza jaribio hilo alikuwa Peter Eckersley, na 2014 EFF ikatoa kiendelezi kiitwacho Privacy Badger ambacho wakati huo hakikutumia orodha. Kilitazama chenyewe. Kikiona seva ile ile inakufuata kwa tovuti tatu tofauti, kinaifunga. Akili sana. Lakini 2020 ilibidi EFF izime ujifunzaji huo ndani ya kifaa cha mtumiaji, baada ya watu wa usalama wa Google kuwaonyesha kwamba tovuti yenye hila inaweza kutumia yale Badger imejifunza kukutambua wewe. Wanasema ukweli kuhusu udhaifu wao, na hiyo kwangu ni sababu ya kuwaamini zaidi.

Mwaka huo huo wa 2014 Raymond Hill, Mkanada, alitoa uBlock. Kilikuwa chepesi, hakikumeza kumbukumbu ya kompyuta, na hakikuwa na orodha ya waliolipa. Mwaka wa 2015 alichoka na maombi ya watumiaji, akamkabidhi mwingine mradi, kisha akaendelea na nakala yake mwenyewe kwa jina uBlock Origin. Tofauti ya neno moja, lakini shika hilo neno: ile uBlock bila Origin iliuzwa 2018 kwa wenye AdBlock, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye mpango wa matangazo yanayokubalika. Hill hapokei hata michango. Ukitaka kumsaidia, anakuambia uwasaidie wale wa orodha.

Sasa tufike kwa mwenye nyumba. Kivinjari kikubwa duniani ni Chrome, mwenye Chrome ni Google, na Google inaishi kwa matangazo. Safari ilianza kubana vifuatiliaji 2017, Firefox ikafanya hivyo kwa watumiaji wote 2019. Januari 2020 Chrome ikaahidi kwamba ndani ya miaka miwili itaacha vidakuzi vya watu wa pembeni. Ikasogeza tarehe. Ikasogeza tena. Julai 2024 ikasema mpango umebadilika, na Aprili 2025 ikathibitisha kwamba vidakuzi vinabaki. Hilo ndilo ombi la 1997, miaka 28 baadaye, likiwekwa kando tena.

Na viendelezi navyo? Google ilibadilisha kanuni za jinsi vinavyofanya kazi, mfumo uitwao Manifest V3. Zamani kiendelezi kilisimama mlangoni, kila seva ikiitwa kinaiangalia na kuamua papo hapo. Sasa kinapaswa kumwachia mwenye nyumba orodha mapema, yenye kikomo, na mwenye nyumba ndiye anafungua na kufunga. Sababu zilizotolewa ni usalama na kasi, na baada ya kusoma story ya Avast siwezi kusema hoja ya usalama ni ya uongo. Lakini kiendelezi kibaya bado kinaweza kusoma kurasa zako chini ya mfumo mpya, huku kile kizuri kikiwa kimekatwa mikono. Kufikia katikati ya 2025 Chrome ilikuwa imeizima uBlock Origin kwa kompyuta za watumiaji. Hill ameandika toleo dogo, uBlock Origin Lite, linalofuata kanuni mpya. Linasaidia. Halilingani na lile la kwanza. Firefox imeacha mfumo wa zamani ufanye kazi.

Kuna watakaosema, wewe si unakula kwa matangazo? Ni kweli, kama kila anayetengeneza maudhui hapa Kenya, na sina vita na tangazo. Bango la Thika Road ni tangazo. Halikufuati hadi Githurai kuona umeingia duka gani. Redio imelipwa na matangazo tangu babu zetu na haikuwahi kujua nani anasikiliza akiwa kitandani. Ninachopinga ni daftari. Mwaka wa 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiwekea GoodRx, kampuni ya kusaidia watu kupata dawa kwa bei nafuu, faini ya dola milioni 1.5 kwa kupitisha habari za afya za watumiaji kwa Facebook, Google na wengine. Dawa unazotumia. Kwa nchi ambayo watu husafiri hadi mtaa mwingine ili wasionekane wakinunua dawa fulani, hakuna haja ya kueleza uzito wa hilo.

Sisi tuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hata kitambulisho cha mtandaoni kama kitu kinachoweza kumtambulisha mtu, kwa hivyo ile karatasi ya 4471 imo. Kuna Kamishna wa Data, na ofisi yake imeshatoza faini. Naiheshimu sheria kuliko ishara ya Do Not Track kwa sababu ina meno. Lakini inakuja baada ya kitu kutokea, na ni lazima kwanza ujue kimetokea. Pikseli moja isiyo na rangi utailalamikia vipi?

Halafu kuna jambo linalotuhusu sana na ambalo historia hii inayosimuliwa na watu wa kompyuta hulipita haraka. Wengi wetu hatuna kompyuta. Tuna simu ya Android iliyokuja na Chrome, na Chrome ya simu haikubali viendelezi. Sørensen, Petnel, Hill, kazi yao yote ya zaidi ya miaka 20, haijawahi kugusa kivinjari ambacho vijana wengi wa Nairobi hutumia. Na huku kwetu kifuatiliaji kinakula bando pia. Kila mstari wa msimbo unaopakuliwa ili kukuandika daftarini umeulipia wewe, kwa zile shilingi za mwisho za data ya siku.

Mlango upo lakini. Firefox ya Android inakubali viendelezi, na uBlock Origin ni kati ya vile vilivyobaki hata Firefox ilipojengwa upya 2020 na kupoteza karibu vingine vyote. Desemba 2023 ikafungulia mamia mengine. Hutahitaji mamia. Weka hicho kimoja, hakikisha jina lina neno Origin na mwandishi ni Raymond Hill, na usiongeze kizuizi cha pili juu yake, vitagombana. Haitakulinda ndani ya programu kama TikTok au ile ya mikopo, maana hizo hazipitii kivinjari. Ukurasa mmoja mmoja utaharibika, na hapo utakizima kwa tovuti hiyo pekee kwa kugusa kitufe chake kikubwa.

Ukishamaliza, fungua ile tovuti unayosoma kila asubuhi, kisha gusa alama ya uBlock Origin. Itakuonyesha ni maombi mangapi yamezuiwa kwa ukurasa huo mmoja, na ukishuka chini kidogo, majina ya wenye madaftari.